Mizani ya Fundi wa Springi

Sitaki kumsifu fundi wa springi wa Ruring'u, pale Nyeri. Wengine wanamsifu sana, hasa wale wenye magari ya zamani wanaokutana Nanyuki Jumapili kuonyeshana bampa zinazong'aa, na mimi nikiwasikia huuma meno. Nimemjua mzee huyo kwa zaidi ya miaka kumi. Amenifundisha mengi, na kila alichonifundisha alinifundisha kwa kuniudhi. Kuna jambo moja ambalo sijamsamehe, nami nitalieleza, lakini kwanza mumjue alivyo.

Gereji yake ni ya mabati, nyuma ya uwanja, na ukutani springi zimetundikwa kwenye misumari mikubwa kama nyama buchani. Kila springi imeandikwa namba kwa chaki. Namba hiyo si bei, wala si aina ya gari. Ni kilo: uzito unaotakiwa kuibana springi hiyo ishuke inchi moja. Alizipima mwenyewe moja moja kwa jeki na kwa mizani kubwa ya viazi aliyoitoa kwenye ghala lililofungwa. Springi inayoshuka kwa kilo chache ni laini, inayotaka kilo nyingi ni ngumu. Hilo ndilo somo lake lote, na alishangaa, tena kwa matusi, kwamba watu wazima wenye akili zao wameshindwa kulielewa.

"Mtu anaingia hapa ananiambia, fundi, nataka springi refu," alisema siku moja, akimtazama mteja aliyekuwa bado amesimama palepale. "Refu! Urefu ni ya kazi gani? Mimi niko na kijana mrefu nyumbani na hawezi kubeba debe ya maji."

Wakataji ndio aliowachukia kuliko wote. Alikuja kijana kutoka Nairobi na gari la Kijerumani la milango miwili, limepigwa rangi ya maziwa, akitaka springi zikatwe gari likae chini. Fundi alimuuliza kama ana mke. Kijana akasema anaye. "Basi mwambie atafute mtu wa kumkanda mgongo," akamwambia. Kisha akamweleza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba springi iliyokatwa haifupiki tu, inakuwa ngumu pia, kwa sababu waya uliobaki unafanya kazi ya ule uliotupwa, na njia ya kushuka imepungua. Kijana alitaka kubisha. Fundi akachukua ufagio akaanza kufagia pale alipokuwa amesimama, mpaka akaondoka.

Nilikasirika kwa niaba ya kijana yule. Leo naona mzee alikuwa na haki, lakini namna alivyoitumia haki hiyo ilinichukiza, na bado inanichukiza.

Hasira yake nyingine ilikuwa juu ya maduka. Kote huku, kuanzia Karatina hadi Meru, ukisema gari lako la zamani limelala chini, muuzaji anakupa springi ngumu na kukwambia ni za barabara zetu. Na sisi tunanunua, kwa sababu ngumu inasikika kama imara. "Barabara mbaya inataka springi laini na shoki nzuri," alikuwa akisema. "Ngumu ni ya mzigo. Kama hauna mzigo, unabebea nani ugumu?" Shoki, alisema, kazi yake si kubeba gari, ni kulinyamazisha lisiendelee kurukaruka. Kwa hiyo yeye kabla ya kuchagua alizifungua shoki zote, akalibonyeza gari kwa bampa, akaliachia, akahesabu linapanda na kushuka mara ngapi kwa dakika. Saa aliyotumia haikuwa na mkanda, aliiweka mfukoni pamoja na tumbaku. Mara sabini na kitu, mtu analala ndani. Ikifika mia, alisema, huyo si abiria tena, ni mahindi yanapelekwa kusagwa. Nyuma alitaka kuwe na haraka kidogo kuliko mbele, ili gari likivuka tuta pande zote mbili zitulie pamoja. Na matuta ya huku tunayajua. Mtu anaamka asubuhi anakuta tuta jipya mbele ya geti, halina rangi, halina kibao, na hakuna wa kuulizwa.

Lakini jambo lililomtofautisha na mafundi wote wa huku kwetu mlimani lilikuwa ile mizani. Hakuwa anakuwekea springi mpaka aone unabeba nani. Si kusikia, kuona. Ulitakiwa kuja na watu wako, wale unaowapakia kila siku, na kila mmoja apande juu ya mizani ya viazi na koti lake na mkoba wake. Kisha wanaingia kwenye gari, kila mtu mahali pake, naye anapima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Nimeona mchungaji akipimwa. Nimeona bibi harusi mtarajiwa akipimwa, akilia kwa aibu, na shangazi zake wakimtukana fundi kwa Kikuyu kisichoandikika.

Mteja ambaye fundi alimpenda, labda peke yake, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, Mwislamu, mwenye pikapu kuukuu. Huyo alifika na mbuzi kumi na wawili wamefungwa nyuma, akateremka akasema, "Mzigo wangu ndio huu, ndugu yangu, na mimi mwenyewe, na kila Ijumaa naongeza kondoo wawili. Sikufichi kitu." Fundi alikaribia kumkumbatia. Alitusimulia habari za mtu huyo miaka mingi baadaye, kila alipotaka kutudharau sisi wengine. "Yule wa mbuzi ndiye amewahi kuniambia ukweli," alisema.

Na yeye je? Pikapu yake mwenyewe ilikuwa imevunjika springi ya nyuma, imefungwa kwa mpira wa tairi, na ilikuwa ikigonga hivi kwamba tulimsikia akija kabla hajatokea. Mkewe alikataa kuipanda. Nilimuuliza mara moja mbona haitengenezi. "Mimi naendea wapi?" akajibu. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, mpole, akishika mikono ya wajane. Jumatatu alimwita mtu mjinga mbele ya watoto wake. Angeweza kukwambia gari la baba yako ni kopo, lakini hakuwahi kusema neno juu ya mwili wa mtu. Alisoma namba kwenye mizani, akaiandika kwa chaki, basi. Sikujua wakati ule kwamba upole huo ndio ungeniumiza kuliko ukali wake.

Sasa nije kwangu. Ninauza dawa za mifugo Karatina, karibu na soko. Baba alipofariki, ndugu zangu wawili waligawana shamba, mimi binti nikaachiwa gari na mama. Ndivyo nilivyokuwa nikisema kwa mzaha, na mama alikuwa akicheka. Gari lilikuwa ile saluni ya Kifaransa ambayo enzi zile kila mwalimu mkuu wa huku aliitamani, yenye viti kama sofa. Mama alikuwa na mgongo mbovu. Magari ya ndugu zangu ni marefu kwenda juu, hangeweza kuyapanda, na ya chini yalimshinda kutoka. Gari la baba ndilo pekee alilokubali. Lilimpeleka kanisani, na mara moja kwa mwezi lilimpeleka Timau kwa dada yake, ambaye macho yalikuwa yakimfifia na hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye mambo ya usichana wao. Bila gari lile, mama hakuwa na kanisa wala dada.

Springi za baba zilipochoka, gari likawa linakaa kama kuku anayetaga. Nikaenda Ruring'u. Mama alikuwa nami. Nilimwacha avuke barabara akanywe chai hotelini, nikaingia gereji peke yangu.

"Daktari," fundi akasema. Aliniita hivyo kwa sababu ya dawa za ng'ombe. "Nyuma hukaa nani?"

"Mama," nikasema, "na ndugu zangu na mabibi zao. Huwa tunajaa."

"Mama ako na kilo ngapi?"

"Themanini na kitu."

"Mlete nimpime."

Hapo damu ikanipanda. Nilimwambia mama yangu si gunia la viazi, kwamba amezaa na kulea, na hatapandishwa kwenye mizani mbele ya wanaume waliovaa ovaroli. Nilisema mengi. Yeye alinitazama, akatazama kiti cha nyuma kwa muda, akafuta mikono.

"Sawa, daktari," akasema. "Themanini."

Niseme wazi: nilidanganya mara mbili. Ndugu zangu hawakuwa wakija. Tangu shamba ligawanywe hakuna aliyekuwa amekaa kwenye gari lile, wala mabibi zao. Ilikuwa mimi mbele na mama nyuma, na mto, na chupa ya chai. Niliona aibu kusema hivyo mbele ya watu. Na hizo kilo themanini zilikuwa za mama wa zamani, mama wa picha iliyo sebuleni. Kwetu, ukimsifu mtu unamwambia amenona. Kumwambia amekonda ni kumuuliza kama watoto wake wanamlisha. Kwa hiyo sikusema, na kwa kuwa sikusema, sikuangalia.

Mzee akaweka springi za gari lililojaa watu.

Miezi minne. Kila tuta kati ya nyumbani na kanisani lilimpiga mama kama teke. Nilimwona kwenye kioo ameshika kamba ya juu ya mlango, midomo imefungwa. "Gari ya baba yenu imeamka vibaya," alisema mara ya kwanza, akijaribu kucheka. Baadaye hakucheka. Akaanza kusema kanisa atasikiliza kwa redio. Kisha akasema Timau ni mbali, dada yake atamwelewa. Nilimpigia dada yake simu na mama akazungumza naye dakika mbili, akanirudishia simu, akageukia ukutani.

Nilienda Ruring'u siku iliyofuata nikiwa nimevimba kwa hasira. Kulikuwa na wateja watano au sita. Nikamwambia fundi mbele yao kwamba ameharibu gari la marehemu baba, kwamba sifa zake ni za bure, kwamba mama yangu hawezi tena kutoka nyumbani kwa sababu yake.

Fundi alitoka nje akawaita wanaume wanne waliokuwa wameegemea ukuta, akawaingiza kwenye gari langu, watatu nyuma na mmoja mbele, akaniambia niendeshe. Tulivuka tuta la uwanjani. Gari lilipita kama godoro. Mmoja wao, mnono kuliko wote, alisema, "Mami, hii gari niuzie."

Tuliporudi fundi alikuwa amesimama mlangoni.

"Springi ziko sawa," akasema. "Ni watu ndio wamekosekana. Wale mabibi za ndugu zako wako wapi?"

Wote wakanisikiliza. Nilimchukia siku ile kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu.

Wiki iliyofuata nilimleta mama. Nilimwomba radhi njia nzima kwa ajili ya mizani, naye akaniambia niache upuuzi, amepimwa mara nyingi, na gunia mgongoni, alipokuwa akipeleka kahawa kiwandani. Fundi alimsalimia kwa mikono miwili, akamwita maitu, mama yetu, akamshika kiwiko apande. Mkono wa mizani ukayumba, ukatulia.

"Arobaini na moja," fundi akasema kwa sauti ya chini. Na hapo alikuwa na koti na mkoba.

Mama akacheka. "Hata mbuzi ya Krismasi imenishinda," akasema.

Mimi nilisimama pale. Mtu akiniletea ng'ombe dukani sihitaji kumpima ili nijue kipimo cha dawa ya minyoo. Namtazama kwenye mbavu na mapaja, nataja kilo, na sikosei kwa mbali. Na mama yangu niliyemfunga mkanda kila Jumapili nilikuwa nimemkadiria mara mbili ya alivyo.

Fundi alifanya kazi siku hiyo hadi jioni. Alitoa zile springi, akashusha kutoka ukutani mbili nyembamba za gari jingine kabisa, akazijaribu, akazitoa, akachukua nyingine. Alimkalisha mama nyuma na mto wake, akafungua shoki, akabonyeza, akahesabu. Sabini na mbili. Akarudia mara tatu. Hakututukana hata mara moja, na mimi mjinga nikaona hilo kama wema.

Tulienda Timau Jumamosi. Baada ya Nanyuki, mashamba ya ngano yalipoanza, nilitazama kwenye kioo nikamkuta mama amelala mdomo wazi. Sikuwa nimemwona akilala kwenye gari tangu baba alipokuwa hai. Alikaa na dada yake kutwa nzima wameshikana mikono, wakisema mambo ambayo niliambiwa nitoke nje nisiyasikie.

Nilimpeleka hospitali juma hilohilo, kwa sababu ya ile arobaini na moja. Daktari aliniuliza alianza lini kukonda. Nilisema sijui. Akauliza tena, akidhani sikusikia. Ugonjwa ulikuwa tumboni, na ulikuwa umekaa muda mrefu. Walisema tungekuja mapema kuna mambo yangefanyika. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha tulipomzika. Ndugu zangu walikuja wote na mabibi zao, magari marefu yamejaa. Fundi naye alikuja. Nilisikia pikapu yake ikigonga tangu barabara kuu. Alisimama nyuma kabisa, na chakula kilipoanza kugawanywa akaondoka.

Nilimwona tena mwezi uliopita, Karatina, siku ya soko. Alikuwa amesimama kando ya barabara na mfuko wa nduma, yale magimbi ya mtoni. Ile pikapu hatimaye ilikuwa imekufa. Nikasimama nimpeleke, akaingia nyuma, upande wa kushoto, alipokuwa akikaa mama, akaweka nduma miguuni.

Njiani alikuwa akisikiliza gari.

"Siku ile ya kwanza nilimuona," akasema.

"Nani?"

"Maitu. Akivuka barabara kwenda kunywa chai. Niliona ile koti vile imemlegea. Na kiti yako ya nyuma ilikuwa imechakaa mahali moja tu. Nikajua hiyo themanini si yake."

Nilitoa gari barabarani nikasimama, karibu na njia panda ya Marua. Malori yalipita yakitutikisa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukaweka springi za themanini."

"Si wewe ndio ulisema? Mtu akiniambia mama yake ameshiba, mimi nitamwambia nini? Ati kwenu hamlishi mzee? Hiyo ni kutukana nyumba ya mtu, daktari. Nikasema atarudi mwenyewe akiona."

Nilimgeukia na nikamwambia yote. Nilimwambia amemtukana kila mtu aliyewahi kuingia kwenye mabati yake, kwa urefu, kwa ufupi, kwa waya uliokatwa, amemfagia kijana wa watu kama takataka, amenivua nguo mbele ya wateja kwa ajili ya mabibi za ndugu zangu, na siku moja tu katika maisha yake ambapo mdomo ule mbaya ulikuwa na kazi ya maana, aliufunga kwa adabu. Miezi minne, nikamwambia. Daktari wa hospitali alisema tungekuja mapema. Wewe uliona na mimi sikuona, na ukahesabu springi.

"Mdomo yangu ni ya magari," akasema polepole. "Ya watu sijui."

Nililia, na kilio changu kilikuwa cha hasira. Mbaya zaidi ni kwamba alikuwa amefanya kile nilichomwomba. Mimi na yeye tulikuwa tumeheshimiana vizuri sana, na mama ndiye aliyekaa nyuma.

Nilipojifuta macho nilimtazama kwenye kioo, ili nimwambie ateremke. Nikaona shingo yake. Kola ya shati ilikuwa imesimama peke yake, shingo ndani yake kama mpini. Nikageuka nikamtazama vizuri, kama ninavyomtazama ng'ombe aliyeletwa dukani: viganja, mapaja ndani ya suruali, mkanda uliotobolewa tundu jipya kwa msumari.

"Uko na kilo ngapi, mzee?"

"Sabini na tano," akasema bila kufikiri.

"Uongo. Haufiki hamsini na tano."

"Daktari, heshimu mzee."

"Umekonda," nikamwambia. Sikuwahi kulitamka neno hilo kwa mtu mzima maishani mwangu, na lilitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. "Umekonda vibaya. Tangu lini?"

Alifungua mdomo ili anitukane, nilimwona akilitafuta tusi, akaufunga. Akatazama mikono yake, akaigeuza, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nyumbani hakuna mtu ameniambia," akasema.

"Hawawezi kukuambia."

"Niko na nduma hapa. Mama watoto anangoja nduma."

"Zitangoja," nikasema.

Niliwasha gari nikiwa bado nimekasirika naye, na sidhani nitaacha. Tulipofika Nyeri sikukunja kwenda Ruring'u. Nilipitiliza hadi hospitali, na yeye aliona nilivyopitiliza, akavuta mfuko wa nduma akaupakata.